Boxer haikushinda kwa petroli

Tangu Januari 2025, anayetaka kusajili pikipiki mpya ya kubeba abiria jijini Kigali sharti alete ya umeme. Habari hiyo ilipofika huku kwetu ilikuwa imeshakatwa kichwa na miguu: Rwanda imepiga marufuku bodaboda za petroli. Haikufanya hivyo. Zilizokuwa kazini ziliachwa ziendelee, mikoa ya nje ya Kigali haikuguswa, na anayenunua pikipiki ya kwendea shambani kwake hakuulizwa kitu. Lakini toleo lililokatwa ndilo lililoshika vijiweni na mitandaoni, na likazaa ubishi wa mashabiki wa mpira. Hawa wanasema umeme ni nafuu na petroli imepitwa na wakati. Wale wanasema umeme hauna nguvu, subiri mvua inyeshe, subiri mlima. Kenya ubishi kama huo ulishapamba moto tangu Septemba 2023, Rais William Ruto alipozindua mpango wa taifa wa pikipiki za umeme mjini Mombasa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishana kuhusu tangi la mafuta, na tangi ni sehemu ndogo sana ya hadithi.

Hoja yangu ni hii. Pikipiki iliyojenga utamaduni wa bodaboda Afrika Mashariki, yaani Boxer ya Bajaj pamoja na ndugu zake wa Kichina na Kihindi, ilishinda kwa kuwa ilikuwa mali ambayo mtu asiye na kitu angeweza kuimiliki, kuitengeneza na kuiuza. Kwamba ilikunywa petroli ilikuwa bahati tu ya wakati wake. Umeme wenyewe hauna ugomvi na umiliki, wala na ufundi, wala na mnada. Mwenye ugomvi navyo ni mkataba unaotumika kuuza nyingi za pikipiki za umeme leo, na huo mkataba hakuna anayeujadili.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya katikati ya miaka ya 2000, pikipiki nchini Tanzania ilikuwa chombo cha ofisi. Ukiisikia inanguruma kijijini ulijua ni bwana shamba, padri, mganga wa zahanati au mtu wa mradi. Mara nyingi ilikuwa Yamaha DT au AG100, au Honda XL, zile ndefu za njia mbaya, zilizonunuliwa kwa fedha za serikali au za wafadhili na kutengenezwa kwenye karakana ya idara au ya misheni. Zanzibar walikuwa na Vespa zao, na mafundi wa Unguja wamezihudumia kwa miongo mingi hadi zikawa sehemu ya sura ya Mji Mkongwe, lakini Vespa ilikuwa ya mtu na familia yake, ya kwendea kazini na sokoni. Usafiri wa kukodi wa magurudumu mawili ulikuwa baiskeli. Zilianza kuvusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda, huko Busia na Malaba, tangu miaka ya 1960. Na kwetu Shinyanga na Tabora baiskeli ya abiria ilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi ikiitwa daladala. Kwa hiyo abiria wa mmoja mmoja walikuwapo tayari. Iliyokosekana ni injini ambayo mwendesha baiskeli angeweza kuinunua.

Injini hiyo ilitoka China, na ilikuja na majina ambayo ukiyataja leo kijiweni watu wanacheka: SanLG, T-Better, Fekon, Sinoray. Zilidharauliwa, na hazikuonewa. Plastiki zilipauka mapema, nati zilidondoka njiani, taa zilizima zikijisikia. Ila ndani ya nyingi kati ya hizo kulikuwa na nakala ya injini moja ya Kijapani, ile ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliibuni makusudi kwa ajili ya nchi ambako mwenye pikipiki hamwagi oili kwa wakati na haendi kwa wakala mpaka mambo yaharibike. Wakati wenzao wakipeleka kamshafti juu ya silinda na kuizungusha kwa cheni ya ndani, wao walirudi kwenye utaratibu wa kizamani wa vijiti vya kusukuma valvu, kwa sababu unavumilia uzembe. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo, kisha vikanakiliana vyenyewe kwa vyenyewe, kiasi kwamba spea iliyotengenezwa kwa pikipiki ya jina hili ilikaa vizuri kwenye pikipiki ya jina lile.

Hapa ndipo wachambuzi wengi wanapopita haraka, na mimi nataka kukaa kidogo. Kunakiliana kule, ambako kwa mwenye haki ya ubunifu ni wizi mtupu, kulitupa sisi kitu ambacho hakuna wizara iliyokipanga: kiwango cha pamoja. Duka la spea la Kariakoo liliweza kuweka pistoni, ringi, klachi, kabureta na plagi za aina chache tu na kuhudumia pikipiki za majina kumi. Kijana aliyejifunza kufungua injini moja chini ya mwembe alikuwa amejifunza kuzifungua zote. Hakuhitaji cheti cha wakala, hakuhitaji kompyuta, alihitaji seti ya spana na mtu wa kumfundisha kwa mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana fundi wa pikipiki alifika kila kijiji kabla ya benki, kabla ya kituo cha mafuta, na sehemu nyingine kabla ya zahanati. Petroli yenyewe ilimfuata ikiwa kwenye chupa za maji, jambo ambalo sheria hailipendi na ambalo halijakoma.

Sheria nayo ilikuja nyuma ya msafara. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250 mwaka 2008, na baada ya hapo mto ukafurika. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, wakati huo bodaboda zilikuwa zimeshajipangia vijiwe, wenyeviti na nauli zao.

Boxer ilikuta njia imeshalimwa. Kampuni ya Bajaj, iliyowahi kuunda Vespa kwa leseni na baadaye skuta yake ya Chetak, iliingia ubia na Kawasaki katika miaka ya 1980, na Boxer ya kwanza ilikuwa zao la ubia huo katika miaka ya 1990. Kwao India haikudumu. Mwaka 2001 Bajaj ilitoa Pulsar, vijana wakahamia huko. Na kampuni ilipojaribu kuirudisha Boxer nyumbani mwaka 2011 ikiwa na injini ya cc 150, wanunuzi waliipa kisogo. Mnunuzi wa India alitaka pikipiki ya kumpendezesha, wa Afrika Mashariki alitaka ya kumlipa. Huku kwetu ikakuta watu waliochoka kukaza nati za SanLG kila jioni. Ilikuwa imara zaidi kuliko za Kichina, haikunywa sana mafuta, siti yake ilikuwa ndefu, na muhimu kuliko yote, umbo na injini yake havikubadilikabadilika, hivyo spea ya mwaka juzi ilikubali kwenye pikipiki ya mwaka huu. Sifa ambayo kule ilionekana ushamba ndiyo iliyoipa enzi hapa. Uganda iliipokea hadi ukasimama Kampala na kuhesabu nyingine kwa shida. Rwanda nafasi hiyo ilishikwa na TVS, nayo ya Kihindi, Kenya na Tanzania zikagawana zote mbili, kwa hiyo nikisema Boxer mtu asidhani naitangaza nembo. Naitaja kama watu wanavyoitaja, kwa maana ya aina nzima ya pikipiki.

Na watu waliimalizia wenyewe pale kiwanda kilipoishia. Wakaongeza keria ya nondo nyuma na bampa mbele, Kenya wakaifunga mwavuli, wakaandika maneno kwenye kizuia tope. Ikabeba mkaa, kreti za soda, mbuzi, milango ya mbao, mama mjamzito usiku, na mishikaki ya abiria watatu ambayo trafiki anaikamata asubuhi na kuiacha jioni. Sisemi hivi kwa kuifurahia. Wodi za taasisi ya mifupa pale Muhimbili zinajua gharama ya utamaduni huu kuliko safu yoyote ya gazeti, na mtu anayezungumzia Boxer kana kwamba ni baraka tupu hajawahi kumtembelea ndugu aliyevunjwa paja. Lakini hata ubaya wake unatokana na jambo lile lile: mwenye pikipiki alikuwa huru kuifanya chochote.

Umiliki wenyewe ulikuwa na ngazi zake, na zinafaa kuelezwa kwa wasiozijua. Kijana anaanza kama deiwaka, akiendesha cha mwenzake saa mwenyewe anapopumzika. Akiaminika anapewa pikipiki na tajiri, yaani mwenye chombo, na kumpelekea hesabu, kiasi walichokubaliana, kila siku. Akiaminika zaidi wanaandikiana mkataba: atapeleka hesabu kubwa kidogo kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu, matengenezo juu yake, na mwisho wa mkataba anakabidhiwa kadi ya umiliki. Siku anayopewa kadi, pikipiki imechakaa, lakini ni yake. Anaweza kuikarabati na kuendelea, au kumpa mdogo wake kwa hesabu na yeye kuwa tajiri mdogo, au kuiuza. Na akiiuza mnunuzi yupo, kwa sababu pikipiki iliyochoka kwa kazi za Dar es Salaam ina maisha ya pili Tabora, Katavi au Lindi, ikibeba korosho na tumbaku badala ya abiria. Bei hiyo ya mwisho ndiyo inayolipa karo, inayoanzisha duka, inayonunua kiwanja. Wachumi wakihesabu faida ya bodaboda huhesabu mapato ya siku. Mwendeshaji mwenyewe huhesabu kadi.

Sasa tuupe umeme haki yake, kwa sababu hoja zake kubwa ni za kweli. Gharama ya umeme kwa kilomita ni ndogo kuliko ya petroli. Mota haina oili ya kumwagwa, haina plagi, haina kabureta, haina pistoni. Petroli yote tunaiagiza kwa dola, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, inapotangaza bei kikomo nchi nzima inashika pumzi. Umeme tunauzalisha, na bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115 halimwombi mtu dola ili mashine zizunguke. Ongeza moshi na kelele, vitu ambavyo tumevizoea hadi tumesahau kuwa vinaua na kuchosha. Mtu anayepinga pikipiki ya umeme kwa kuwa ni ya umeme ana kazi ngumu.

Kuna anayejaribu, na hoja yake anayoipenda ni ile ya mlima. Pikipiki ya umeme, anasema, ni ya tambarare. Mpelekee Lushoto uone. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote na ingefaa izikwe. Ampersand, kampuni ya pikipiki za umeme, ilianza biashara Kigali mwaka 2019, na Kigali ni mji ambao barabara yake ikishuka ni kwa sababu inajiandaa kupanda. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuvuta tangu mzunguko wa kwanza, tofauti na injini ya petroli inayotaka kwanza upandishe mizunguko na kushusha gia. Kama umeme ungeshindwa na vilima, ungeshindwa huko huko ulikoanzia. Hoja ya mvua nayo haina miguu. Betri na mota hizi hufungwa zisiingie maji, na Kigali mvua haikosi.

Hoja yenye uzito iko upande wa wauzaji, na wanaijenga vizuri. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye pikipiki ya umeme, wanasema, na ukimtaka bodaboda ainunue hatamudu. Kwa hiyo muuzie pikipiki bila betri. Betri ibaki ya kampuni, yeye apite kituoni, aache iliyokwisha, achukue iliyojaa, alipie nishati aliyotumia. Inachukua dakika chache. Ampersand na mshindani wake Spiro zimejengwa juu ya mfumo huu. Na ukiwauliza kuhusu umiliki wanakujibu swali kwa swali: kwani petroli uliwahi kuimiliki? Si ulikuwa unainunua kidogo kidogo inaungua? Betri ni petroli yako mpya.

Ni jibu zuri na lina kasoro moja kubwa. Petroli ya kampuni hii inaingia kwenye tangi la pikipiki yoyote, na ukikosana na kituo hiki unavuka barabara kwenda kile. Muuza petroli hajui wewe ni nani, hana deni lako, na hawezi kuifuata petroli yake ndani ya tangi lako saa nane usiku na kuifanya isiwake. Betri ya kubadilisha iko kinyume cha hayo yote. Inaingia kwenye pikipiki ya kampuni moja, inapatikana kwenye vituo vya kampuni hiyo, bei yake inapangwa na kampuni hiyo bila EWURA wala EPRA, mwenzake wa Kenya, kutangaza kikomo cha kila mwezi, na nyingi zina kifaa cha kufuatiliwa na kinachoweza kuizima kutoka mbali. Mwenye pikipiki ya namna hii ana kadi mkononi, na mtu mwingine ana moyo wa pikipiki. Kampuni ikipandisha bei hana pa kwenda. Ikifungua vituo Kinondoni na kuvifunga Kigamboni, yeye wa Kigamboni amefungiwa kazi. Na ikifilisika, jambo ambalo si la ajabu kwa kampuni changa zinazoishi kwa fedha za wawekezaji, pikipiki zake zote zinageuka vyuma siku moja. SanLG ilipopotea madukani, pikipiki zake ziliendelea kutembea miaka na miaka. Fundi hakujali kama kiwanda kipo.

Naijua pingamizi itakayokuja, na ni ya haki: huo umiliki unaousifia umeshakufa siku nyingi. Pikipiki za petroli zenyewe sasa zinauzwa kwa mkopo na kampuni za fedha, zina kifaa cha kufuatilia kilichofichwa chini ya siti, na ukichelewesha rejesho vijana wanakuja kuivuta ikiwa na abiria. Kweli kabisa. Kenya malalamiko hayo ni ya muda mrefu, na Tanzania tumeanza kuyazoea. Riba ya mikopo hiyo ukiihesabu mwisho wa mkataba unaona umenunua pikipiki na robo tatu ya nyingine, na sitamlaumu anayesema bora mwenye betri kuliko mwenye rejesho. Tofauti ni kwamba mkopo, hata uwe wa kinyonyaji namna gani, una siku ya mwisho. Ukimaliza kulipa, kifaa kinatolewa na kampuni inatoka maishani mwako. Mkataba wa betri hauna siku ya mwisho. Utailipia pikipiki yako ikiwa mpya, ikiwa nzee, na atakayeinunua kwako atarithi mwenye nyumba yule yule.

Kuna pia wanaosema udhibiti huo ndio dawa yenyewe. Kampuni ikimjua mwendeshaji, ikaona mwendo wake, ikaweza kupunguza kasi, basi ajali zitapungua na wodi zitapumua. Sitaki kuipuuza hoja hii, kwa sababu mfumo wa vijiwe umeshindwa kujidhibiti na polisi wetu wanaokota faini zaidi ya wanavyofundisha. Inawezekana kabisa pikipiki yenye kikomo cha mwendo ikaokoa maisha. Lakini kikomo cha mwendo kinaweza kuwekwa na sheria kwenye pikipiki yoyote, ya umeme au petroli, bila kuhitaji kampuni moja ishike swichi ya riziki ya mtu. Tukichanganya usalama na umiliki tutapewa vyote viwili kwenye furushi moja na kuambiwa tusichague.

Suala la fundi linaniumiza zaidi, labda kwa sababu halina mtetezi. Fundi wangu wa pikipiki aliletewa ya umeme iliyogoma. Alifungua kava, akakuta kisanduku cheusi kilichozibwa na nyaya zinazoingia na kutoka, akakitazama, akafunga kava na kumwambia mwenyewe arudi alikonunua. Si kwamba hana akili ya umeme; anasuka upya waya za Boxer iliyoungua bila kutazama mchoro. Tatizo ni kwamba kontrola ile ina programu ambayo ni kampuni tu inayoweza kuisoma, na spea zake haziko Kariakoo. Watetezi wa umeme hujibu kwamba pikipiki hizi haziharibiki sana, hivyo fundi hahitajiki kama zamani. Breki bado zinaisha, beringi zinakufa, rimu zinapinda, shokapu zinavuja, na kwenye barabara zetu vitu hivyo ndivyo vinavyompa fundi kazi nyingi. Hizo fundi wa mtaani ataendelea kuzitengeneza. Atakachopoteza ni ile sehemu ya kazi iliyokuwa na fedha na heshima, yaani injini, na pamoja nayo sababu ya kijana mwingine kuja kujifunza kwake.

Yote haya yanaweza kurekebishwa, na si kwa kubuni kitu kipya. Japani, ambako Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki wamepigania wateja kwa zaidi ya nusu karne, kampuni hizo nne zilikubaliana kiwango kimoja cha betri ya kubadilisha, na mwaka 2022 zikaanzisha pamoja na kampuni ya mafuta ya ENEOS huduma inayoitwa Gachaco, ambapo betri ni moja kwa pikipiki za wote. Washindani wa aina ile wakiweza kukaa meza moja, sioni kwa nini kampuni za juzi za Nairobi na Kigali zishindwe zikiambiwa ndilo sharti la leseni. Njia ya pili ni betri kuuzwa pamoja na pikipiki, mtu akachaji nyumbani kwake. Roam ya Nairobi imeuza pikipiki yake kwa utaratibu huo. Bei ya mwanzo ni kubwa, hilo halifichiki, lakini mkopo wenye mwisho unaweza kuibeba kama ulivyobeba Boxer. Na kwa Tanzania njia hii ina maana ya pekee, kwa sababu vijiji vyetu 12,318 vimefikishiwa nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, wakati vituo vya kubadilishia betri havitafika Mpanda vijijini kwa muda mrefu, pengine havitafika kabisa. Hakuna mwekezaji atakayejenga kituo mahali penye pikipiki sita. Soketi ya ukutani ipo tayari.

Hilo linaturudisha kwenye maisha ya pili ya pikipiki, ambayo sera zote nilizozisoma zinayasahau. Uamuzi wa Kigali ulipangiwa jiji lenye mipaka, lenye vituo karibu karibu, katika nchi ambayo ukitoka mji mkuu asubuhi mchana umeshafika mpakani. Dar es Salaam si jiji la namna hiyo, na nyuma yake kuna nchi inayosubiri pikipiki zake zilizochoka. Tukiiga sharti la Kigali bila kubadilisha mkataba wa betri, tutakata mfereji unaopeleka pikipiki za bei nafuu mikoani. Mkulima wa Sikonge hatanunua pikipiki ya umeme iliyotumika isiyo na betri, na hatamudu Boxer mpya ambayo bei yake itakuwa imepanda kwa uchache. Atarudi kwenye baiskeli, na hakuna takwimu ya usajili itakayomwonyesha.

Inachekesha kidogo kwamba Bajaji wenyewe, yaani kampuni, wameshasoma alama za nyakati: Chetak, skuta iliyowapa jina India, waliirudisha mwaka 2020 ikiwa ya umeme. Siku watakapoamua kutuletea Boxer ya umeme wataikuta Afrika Mashariki ikiwa na kanuni au haina. Kwa Tanzania bado hakuna tarehe iliyotangazwa ya kuachana na petroli kwenye bodaboda, na mimi naona hiyo ni nafasi, hasa kwa TBS, shirika la viwango, kuandika kiwango cha umbo, plagi na mawasiliano ya betri kabla kampuni yoyote haijawa kubwa mno kuambiwa. Kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuweka kwenye leseni masharti ya lini na kwa taarifa gani betri inaweza kuzimwa kutoka mbali. Na kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kudai kutoka kwa kila muuzaji michoro na programu za kusomea hitilafu ili zifundishwe kwenye vyuo vyake vya Chang'ombe na Kipawa kama injini zinavyofundishwa.

Kuna mahali pa kuanzia ambapo hapahitaji hata kusubiri Bunge. Halmashauri zetu zinatoa mikopo ya asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vya vijana vimenunua pikipiki kwa fedha hizo kwa miaka. Muda si mrefu kikundi kitaleta ombi la pikipiki za umeme, na ofisa maendeleo ya jamii atasaini kwa furaha maana ni jambo jipya na la kupiga picha. Kabla hajasaini aombe mkataba wa betri, ausome mpaka ukurasa wa mwisho, na aulize kikundi kitabaki na nini mkononi siku ambayo deni la halmashauri litakuwa limeisha na kampuni imeamua kufunga kituo cha wilaya hiyo.